Kitabu cha Kutoka na Kurudi

Bukavu, Jumatatu 13 Septemba 1999

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, na leo hiyo hiyo nimepewa kazi mpya. Ninayaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu nina hakika yote mawili yatanichosha hadi mwezi wa tano.

Wiki iliyopita gari letu la dawa lilisimamishwa na watu wenye bunduki njiani, upande wa Nyangezi, na dereva wetu Cédric akashikwa siku mbili. Siku hizi yeyote anaweza kushikwa, hilo si la kushangaza. Aibu yetu ni kwamba siku ya kwanza nzima hakuna aliyejua kama Cédric alikwenda Nyangezi au Kabare, peke yake au na mtu. Mke wake alikuja akasimama mbele ya meza yangu. "Maman Apolline, bwana yangu mulimutuma wapi?" Sikujua. Mimi, katibu wa Depo, ninayejua hata idadi ya vibanio vya karatasi humu ndani.

Basi mkurugenzi wetu, Docteur Camille, amesema kuanzia leo kutakuwa na kitabu. Kila anayetoka getini aandikwe jina, saa ya kutoka, anakokwenda, na saa ya kurudi, kisha atie sahihi mara mbili, akitoka na akirudi. Mwisho wa ukurasa kuna safu pana ya maelezo, iitwayo Observation. Nitakitunza mimi. Depo ni ghala la dawa za vituo vya afya vya milimani, na ukimwacha Docteur anayeishi ndani ya ua, tuko wafanyakazi kumi na mmoja. Nikasema kitabu cha kurasa mia mbili kitatutosha hadi vita viishe. Hakuna aliyecheka.

Nimekipiga mistari kwa rula, nikaandika vichwa vya safu kwa kalamu yangu ya wino, ile niliyopewa na masista wa Nyangezi nilipomaliza ualimu. Nisiseme uongo: kinapendeza.

Jumatano 15 Septemba

Wote wamesaini vizuri isipokuwa Télesphore, mtunza ghala, mtu wa zamani kuliko sisi wote hapa. Saa kumi jioni ametoka, akasaini kutoka. Kurudi hakusaini, alipita moja kwa moja kwenye ghala lake akipiga mluzi. Nilimfuata na kitabu.

"Maman Apo, zile signature za kurudi nitakupatia siku moja, zote pamoja."

"Na mu Observation niandike nini?"

"Andika ukweli. Nilikuwa ku réunion, ku paroisse. Je, ni zambi?"

Nikaandika: mkutano parokiani. Safu iliyo tupu huniwasha mkono.

Alhamisi 23 Septemba

Mvua. Dari linavuja juu ya meza yangu. Nimeweka beseni.

Jumatano 29 Septemba

Télesphore ametoka saa kumi. Kurudi, hakuna sahihi. Mkutano parokiani. Nimemwandikia Docteur barua juu ya dari, akaipokea na kupiga muhuri kwenye nakala yangu. Beseni limejaa mara mbili.

Jumanne 12 Oktoba

Leo kitabu kimeokoa mtu, na ninataka kuandika yote kabla sijasahau nilivyojisikia.

Jana saa moja na robo Cédric alitoka na makartoni ya Luhwindja. Niliandika njia ya Walungu, niliandika atalala kituoni, niliandika atarudi leo saa sita. Saa sita ikafika, saa nane ikafika. Mvua ilikuwa ikipiga bati hata hatusikilizani. Nilifungua kitabu, nikamsomea Docteur. Tukaita Luhwindja kwa phonie, ile redio ya kuongelea na milima, wakajibu kwamba aliondoka kwao asubuhi mapema. Basi alikuwa njiani, na njia yenyewe tuliijua. Parokia ya Walungu wakatuma vijana na majembe. Wamemkuta saa kumi na moja, gari limelala ubavu chini ya tope la mlima, yeye ndani yake, mfupa wa bega umevunjika, maji ya tope yanamfika kifuani. Wanasema mvua ya pili ingemfunika.

Mke wake alikuja tena. Safari hii hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya kitabu changu, kama watu wanavyogusa sanamu ya Bikira, akalia. Hata Télesphore alitoka ghalani akaniambia, "Bon, Maman Apo, umetushinda."

Nilijivuna. Nilipanda hadi nyumbani Kadutu kwa miguu yangu na vilima sikuviona. Dada yangu Virginie, ninayekaa naye, alikuwa amerudi sokoni na magunia yake ya maharage. Nilimsimulia kila kitu. Akaniambia, "Ni muzuri. Lakini ile cahier, njo inajua fasi kila mutu iko, si vile? Basi uifiche muzuri." Nikamwona hana shukrani. Miaka ishirini ya soko imemfanya ashuku hata mizani.

Jumanne 2 Novemba

Wafadhili wamesikia habari ya Cédric, wamefurahi mno, na furaha yao imetuletea mtu. Anaitwa Philémon, chargé de sécurité, yaani msimamizi wa usalama. Anatoka Uvira, alikuwa mtu wa forodha. Mwembamba, anakohoa, ana kalamu tatu mfukoni. Amekisoma kitabu changu kwa saa nzima bila kusema, kisha akasema, "Maman, huu muandiko wako ni wa ajabu. Lakini tuko na nafasi ingine mingi hapa."

Alhamisi 11 Novemba

Nafasi nyingine ameipata. Kuna safu ya nani amekuja kukuona. Kuna safu ya dakika alizokaa. Meza yangu imehamishwa, sasa inatazama ukumbi wote na milango iko wazi. Beseni limehama nami, kwa kuwa dari linavuja huku pia. Nimeandika barua ya pili. Muhuri.

Jumatatu 15 Novemba

Ufunguo wa choo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kiti changu. Anayeuchukua naandika saa, anayeurudisha naandika saa. Philémon anasema ghala moja la Goma liliibiwa kupitia dirisha la choo. Huenda ni kweli. Kila anachosema mtu huyu kina sababu, ndiyo maana ni vigumu kumkatalia.

Ijumaa 19 Novemba

Bintu, mama anayefagia, ana mimba ya miezi saba. Leo ameuchukua ufunguo mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja alisimama mbele yangu akaona nimeandika 11 pembeni mwa jina lake, kwa wino mzuri wa bluu. Machozi yalimtoka akaenda zake, na nikaandika saa aliyoondoka. Mkono uliandika wenyewe. Nimeona haya siku nzima.

Jumatano 24 Novemba

Chai ya saa nne imekufa. Zamani tulikunywa pamoja karibu na meza yangu, kila mtu na kikombe chake na uongo wake. Sasa wakiniona wanamaliza maneno. Télesphore, saa kumi, mkutano parokiani.

Ijumaa 3 Desemba

Kuanzia leo mifuko inapekuliwa getini. Papa Zagabe, mlinzi wetu, amepewa amri ya kufungua hata mikoba ya akina mama. Ana umri wa baba yangu. Nilipofika mbele yake alifungua mkoba wangu kwa ncha za vidole viwili, akageuza uso kabisa akaangalia barabara, akasema, "Nimeisha kuona, mwana wangu, pita." Hakuona kitu, wala hakutaka kuona. Nikampenda kwa hilo, na nikajiuliza kwa nini mimi nisigeuze uso namna ile.

Jumatatu 6 Desemba

Mvua, beseni, barua ya tatu. Muhuri. Docteur Camille amesema, "Dari tutalifanya mwezi wa pili, Maman, pesa ya mwaka huu imekwenda kwenye usalama." Ni mtu mwema Docteur. Alimpa Bintu blanketi la mtoto. Lakini nimeanza kuona kwamba wema wake unakwenda na yule aliyezungumza naye mwisho.

Jumatano 15 Desemba

Nimechoka kunyamaziwa. Karibu na saa kumi, Télesphore alipokuja kusaini, nilimuuliza wazi ana nini nami. Alivua miwani akaipangusa kwa shati.

"Sina neno na wewe, Maman Apo. Philémon namuelewa, ile ni kazi yake ya kushuku batu. Lakini wewe, unaandika muzuri sana. Njo hiyo inanitisha. Mutu akiandika mubaya, unaweza kusema alikosea. Wewe, nani atasema ulikosea?"

"Uliniambia mwenyewe niandike ukweli."

"Ni kweli. Mu mwezi wa kenda tulikuwa tunaandika juu tupatane tukipotea. Sasa tunaandika juu ya nini?"

Nilikasirika, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida: MKUTANO PAROKIANI. Ilikuwa hasira ya kitoto. Mikutano hiyo ni ya nini, kila mtu Bukavu anajua: ni watu wa parokia na vyama wanaotafuta namna ya kuwaambia watawala wa bunduki kwamba wamechoka nao, bila kushika jiwe. Nami nimechoka nao. Sijawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja kwa kuwa jioni miguu inaniuma.

Jumamosi 25 Desemba

Misa. Virginie alipika kuku. Tulilala mapema.

Jumatano 5 Januari 2000

Mwaka mpya, beseni lile lile. Bintu amejifungua msichana. Cédric amerudi kwenye usukani. Télesphore saa kumi.

Jumatano 26 Januari

Karatasi ndogo zinapita mikononi mjini: kuanzia Jumatatu, ville morte, mji ukae kimya. Hakuna soko, shule, ofisi wala usafiri. Télesphore alitoka saa kumi, akanipungia mkono badala ya kupiga mluzi. Mkutano parokiani.

Jumatatu 31 Januari

Sikwenda kazini. Virginie hakufungua gunia. Nilikaa mlangoni mwa nyumba yetu Kadutu, nikasikia ndoo ikiwekwa chini mtaa wa tatu kutoka kwetu. Soko lote kimya. Wanajeshi walipita chini barabarani wakipiga milango ya maduka kwa virungu, na hakuna aliyefungua. Niliogopa sana na nilifurahi sana. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu Oktoba.

Alhamisi 3 Februari

Bado kimya. Tunakula maharage ya biashara.

Jumatatu 7 Februari

Tumerudi kazini. Kitabu kilikuwa na kurasa tano za siku tano bila neno. Philémon hakuwa amefika bado, na hakuna aliyeniamuru. Nilikaa nikazijaza, kwa mazoea tu, kama mtu anavyokunja nguo alizozikuta kitandani. Jina la kwanza ni Télesphore, kwa ukongwe wake. Hakuja. Observation: ville morte. Chini yake, alama mbili ndogo za kusema vivyo hivyo. Na chini yake tena, na tena, hadi jina langu na hadi jina la mwisho, la Philémon mwenyewe. Kurasa tano, watu kumi na wawili. Nikakausha wino kwa karatasi ya kunyonya, nikaridhika.

Jumatano 9 Februari

Ninaandika usiku, mambo ya leo yote, na sijui kama nitamaliza.

Saa tatu asubuhi walikuja wawili wa usalama, wale wa utawala. Mmoja amevaa koti zuri la ngozi na ana adabu nyingi. Alimsalimu kila mtu, hata Papa Zagabe. Akamwambia Docteur mbele ya mlango ulio wazi, nami nikisikia kila neno, kwamba wanapita katika ofisi zote kujua ni akina nani walikosa kazi wiki ile, na ni akina nani waliwashawishi wenzao. Je, Depo ina orodha?

Docteur angeweza kusema hapana. Alijivuna. "Sisi tuko na système," akasema. "Kila kitu kiko mu cahier. Hatuna kitu ya kuficha."

Yule wa koti akatabasamu. Docteur akaona amesema nini, maana nilimwona akimeza mate, na akajaribu kurudi nyuma kwa njia pekee anayoijua: akasema bila barua yenye muhuri hawezi kutoa hati ya kazi. Yule mtu hakukasirika. "Ni haki yako, Docteur. Kesho saa tatu tutaleta barua." Wakaondoka. Papa Zagabe akawafungulia geti bila kuwatazama.

Mwezi wa kumi na mbili walichukua wanaume wawili pale karibu na soko la Kadutu, kwa maswali kidogo tu. Wake zao bado wanazunguka na picha.

Docteur alipita kwenye meza yangu. "Utakitayarisha, Maman Apolline. Weka juu ya meza. Hatukufanya mubaya."

Nilikifungua nikakisoma kama asiyetujua. Jumatano moja, mkutano parokiani. Jumatano nyingine, mkutano parokiani. Nilizihesabu, Jumatano ishirini, saa kumi kamili, jina moja. Na moja kati yake kwa herufi kubwa. Halafu kurasa tano za ville morte, na jina hilo hilo juu kabisa, na sote chini yake tumefungwa kwa alama mbili mbili. Hakuna mpelelezi ambaye angeipanga vizuri zaidi. Nilichukia mwandiko wangu. Nilichukia masista walioniambia kazi isiyoandikwa haikufanyika. Niliwaza kurarua, lakini Philémon alikwisha kuzitia kurasa namba, na kurasa zilizoraruliwa ni kukiri.

Saa tisa mvua ikaanza. Tone la kwanza, la pili. Beseni lilikuwa limejaa nusu tangu jana.

Sikufikiri sana. Nilikichukua kitabu nikakilaza ndani ya beseni, wazi, uso chini. Wino wa bluu ukaanza kupanda.

Niliposikia kikohozi, Philémon alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua mwavuli. Aliniangalia, akaangalia beseni, akaangalia dari. Nikangoja aite.

"Maman Apolline," akasema polepole, "ile dari, si uliandikaka barua kwa Docteur?"

"Tatu."

"Uko na ma copie?"

"Na muhuri."

"Bon. Kesho uziweke ku meza."

Kisha akakunja mkono wa shati lake, akaingiza mkono majini, akageuza kurasa moja moja, taratibu, ili upande wa pili nao ulowe. Alipofika zile tano za mwisho alizisugua kwa kidole gumba. Sijui kama alituhurumia sisi au alijihurumia mwenyewe, maana jina lake lilikuwemo. Nilimwona ana hofu kama yangu, na huenda amekuwa nayo tangu Uvira, na safu zake zote zilitoka huko. Akapangusa mkono, akachukua mwavuli, akaenda.

Alhamisi 10 Februari

Wamekuja na barua, muhuri mzuri. Docteur alikinyanyua kitabu kikiwa kimevimba, bluu kila mahali, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaelewa kitu bila kuambiwa. Mtu wa koti la ngozi alisoma barua zangu tatu za dari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tone likamwangukia kwenye karatasi ya tatu. Akainua uso juu.

"Docteur, miezi mitano huyu maman anakuandikia?"

Docteur akasema pesa ilikwenda kwenye usalama. Mwenzake akacheka. Yule wa koti hakucheka. Akaniuliza kama ninakumbuka majina. Nikamwambia nina miaka arobaini na minne, ninaandika ili nisihitaji kukumbuka. Halafu akasema kwa adabu ile ile: "Haizuru. Mwenye kuitwa Télesphore, habari yake tuliisikia kwengine. Jumatatu aje mwenyewe ku bureau yetu. Maswali kidogo tu."

Kwa hiyo nimewaficha kumi na mmoja, na yeye sikumficha. Nilikwenda ghalani nikamwambia. Alikuwa anahesabu makartoni ya kwinini, hakuacha kuhesabu hadi mwisho wa mstari.

Ijumaa 11 Februari

Kitabu kipya. Philémon amenipa kalamu ya Bic. "Bila wino ya masista," akasema. Safu ya choo hakuitaja, nami sikuipiga.

Mstari wa kwanza wa kitabu kipya ni uongo. Saa moja asubuhi Cédric alitoka na dawa za Walungu. Niliandika: dereva, peke yake. Nilijua kwamba nje ya mji, baada ya kona, mtu mwenye kofia ya kufuma atakuwa anangoja kando ya barabara. Kutoka Walungu ataendelea kwa miguu hadi kwao Luhwindja, njia ile ile ya mlima iliyomfunika Cédric. Tunajua watu watatu: Cédric, yeye na mimi. Yolande, mke wa Télesphore, hakuambiwa. "Bakimuuliza, aseme kweli kwamba hajui," alisema Télesphore. "Na wewe, Maman Apo, usiandike. Mara moja tu mu maisha yako, usiandike."

Nilimpa mkono. Sikumwambia pole kwa herufi zile kubwa. Nilitaka, nikashindwa.

Jumamosi 12 Februari

Cédric amerudi. Amemwacha Walungu salama. Mvua kubwa.

Jumatatu 14 Februari

Télesphore: hakuja. Observation: nimeacha tupu. Saa tano wamekuja wale wawili. "Sijui," nikasema.

Alhamisi 17 Februari

Mvua. Wanasema Jumamosi mlima uliporomoka kati ya Walungu na Luhwindja, hawajui umefunika watu wangapi.

Ijumaa 18 Februari

Yolande amekuja. Alisimama pale pale aliposimama mke wa Cédric mwezi wa kenda, na kitenge kimelowa hadi magotini. Kwenye benchi la wageni alikuwa amekaa mtu wa koti la ngozi, amevuka mguu juu ya mguu. Siku hizi huja kukaa tu.

"Maman Apolline, bwana yangu iko wapi?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Oktoba nilifungua kile cha kwanza nikasoma njia, na mtu akatolewa topeni akiwa hai. Sasa njia ninaijua, na tope ninalijua, na hakuna kijana hata mmoja mwenye jembe aliyetumwa, kwa sababu yangu. Kama yuko chini ya mlima ule, yuko huko kwa kuwa sikuandika. Kama ningeandika, angekuwa mahali pengine ambapo majembe hayasaidii.

"Sijui, Yolande."

"Wewe? Wewe huandikaka hata mutu akienda kujisaidia!"

Ukumbi mzima ulisikia. Bintu aliinamia ufagio wake. Yolande alitema mate chini, mbele ya meza, akatoka. Papa Zagabe hakuupekua mkoba wake.

Jumatano 23 Februari

Saa kumi. Hakuna mluzi. Mvua.

Jumapili 27 Februari

Nimemwomba Virginie aulize wanawake wa Luhwindja wanaoleta maharage. Aulize kuhusu njia tu, si kuhusu mtu. Akaniambia, "Baraka ya Mungu, dada yangu amejifunza." Njia imefungwa.

Jumatano 1 Machi

Silali vizuri. Ninakula kwa kuwa Virginie ananitazama.

Jumatatu 6 Machi

Mafundi wamekuja kutengeneza dari. Docteur amewasimamia mwenyewe. Beseni nimelipeleka nyumbani.

Jumapili 12 Machi

Baada ya misa Virginie alikuwa anachambua gunia lililofika jana kutoka Luhwindja, na katikati ya maharage kulikuwa na karatasi ya boksi la kwinini, imekunjwa mara nne. Akanipa bila kuifungua. Hakukuwa na barua ndani. Kulikuwa na sahihi ya Télesphore, ile yenye mkia mrefu, moja chini ya nyingine. Nikazihesabu. Ishirini. Na chini yake neno moja: Nimefika.

Nilikaa chini kwenye gunia nikalia kwa sauti, majirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Nimeipeleka kwa Yolande mwenyewe. Aliniacha mlangoni muda mrefu. Alipoona mkono wa bwana wake alinishika bega, kwanza kwa nguvu ya kuniumiza. Halafu akauliza, "Sababu gani ameandika jina makumi mbili?"

"Ni sahihi za kurudi, za Jumatano," nikamwambia. "Aliniahidi."

Hakuelewa, wala sikueleza. Aliisoma tena, akambusu mtoto wake, akaitia motoni chini ya chungu. Daftari hili nalo linalala chini ya maharage ya Virginie, na akiniambia nilichome, nitalichoma.

Kesho nitafungua kitabu kama kila siku na kuandika kwa Bic: Télesphore, hajarudi. Nitaiandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.